Amplifaya imetengenezwa lakini bado inanguruma: fundi anajibu maswali yenu

Mwezi huu maswali ya simu na redio za gari nimeyaweka kando kwanza, manake amplifaya za zamani zimejaa kwenye barua zenu na karibu wote mnaanza vilevile, ati "nimebadilisha kapasita zote lakini…" (kapasita ni vile vipipa vidogo vinavyotunza umeme). Haya, tuanze na huyo wa Bombo maana swali lake limebeba ya wengi.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi niko Bombo, marehemu baba aliniachia amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 70, ile nzito ya uso wa silva na mbao pembeni, ilikaa stoo miaka mingi. Nikaipeleka kwa fundi Kampala akabadilisha kapasita zote, akaisafisha, ikarudi inang'aa. Sasa shida zangu. Upande wa kushoto unapotea, nikiongeza sauti kwa nguvu kidogo unarudi alafu unakaa sawa. Pili kuna mngurumo kwenye spika zote mbili hata voliumu ikiwa sifuri. Tatu nikipiga pole pole usiku watoto wamelala sauti inakuwa chafu, ina mikwaruzo, lakini nikifungua inakuwa safi. Fundi anasema sasa tununue transista kubwa zote nne. Ninunue?

Jibu: Marahaba. Usinunue, bado kabisa. Transista kubwa, zile zinazosukuma spika, kwa kawaida zikifa zinakufa kwa fujo, fyuzi inaungua au rilei, ile swichi ya umeme inayounganisha spika, inagoma kabisa kulia tak ukiwasha, hazikai zikingoja wewe ufungue sauti ndo zikumbuke kazi. Upande unaopotea na kurudi ukiongeza voliumu, hiyo mara nyingi sana ni kontakti chafu, yaani mahali chuma kinagusa chuma pameshika kutu nyembamba, umeme mdogo wa muziki wa taratibu haupiti, ukiongeza unapenya. Na kapasita mpya hata ziwe za bei gani haziondoi hiyo kutu.

Sasa kabla hujafungua mfuniko, jua kwanza sauti inakufia wapi. Zima, badilisha waya za spika huko nyuma, ya kulia iende kushoto na ya kushoto iende kulia. Ukiwasha na spika ileile ndo bado inapotea, shida ni spika au waya wake, amplifaya haina kosa. Ikiwa sasa inapotea ile nyingine, basi shida iko kwenye amplifaya au huko muziki unakotoka. Rudisha waya, alafu badilisha zile pini za kuingiza muziki, nyekundu iende kwa nyeupe. Upande ukihama, tatizo ni kebo au hiyo simu au sidi unayopigia. Usipohama, sawa, tuingie ndani ya amplifaya, na hapo utakuwa umemaliza nusu ya kazi bila kutoa hata shilingi.

Chomeka hedifoni. Kama hedifoni zinapiga vizuri pande zote na spika hazipigi, shida ni rilei, au swichi ya kuchagua spika A na B, au zile skrubu za waya nyuma. Kama hata hedifoni zinapotea, anza na swichi ya Tape Monitor hapo mbele, izungushe au ibonyeze mara nyingi mashine ikiwa imezimwa, hiyo swichi imekaa haijaguswa tangu kaseti ziache kutumika na muziki wote unapita ndani yake. Fanya hivyo kwa swichi ya mono, ya loudness, kila kitu. Alafu angalia nyuma kama kuna viunganishi viwili vya chuma vilivyopinda vimechomekwa kati ya Pre Out na Main In (tundu muziki unapotoka sehemu ya voliumu na tundu unapoingia sehemu ya nguvu), baadhi ya Marantz wanavyo na NAD 3020 ile ya 1978 inavyo, watu wengi hawajui kwamba vikishika kutu upande unakufa, na vikipotea hausikii kitu kabisa. Vitoe, visugue kwa kitambaa chenye spiriti, virudishe.

Kama ni rilei, ni hiyo kiboksi kidogo, mara nyingi ina mfuniko wa plastiki unaoonyesha ndani, ndiyo inalia tak sekunde chache baada ya kuwasha. Kuisafisha unachukua karatasi ngumu safi, mfano bizinesi kadi, unailoweka kwa isopropili (spiriti ya kusafishia), unaipitisha katikati ya zile ncha na kuivuta taratibu mpaka karatasi itoke safi. Msasa usitumie, najua kila mtu anatumia, lakini ule uso wa juu wa ncha ni silva nyembamba na msasa unaondoka nayo, baada ya muda mfupi unarudi palepale na hali mbaya zaidi. Kusafisha pia ni kwa muda tu, dawa kamili ni rilei mpya, na hapo angalia volti za koili zilizoandikwa juu yake. Nyingi za miaka hiyo ni volti 24. Usiende kununua rilei ya gari pale Kisekka, soko la spea za magari Kampala, eti zinafanana, ile ni ya volti 12 na kwenye saketi ya 24 itapika.

Mngurumo sasa. Umesema voliumu ikiwa sifuri bado upo, hiyo ni habari nzuri kwa sababu inakata mashine katikati, kila kitu kilicho kabla ya voliumu hakihusiki, shida iko kwenye pawa saplai, kwenye amplifaya yenyewe ya mwisho, au kwenye waya wa ardhi. Sikiliza mlio. Umeme wetu Uganda ni hezi 50, ukishapita kwenye daraja la diodi nne linalougeuza uende njia moja, mawimbi yanakuwa 100, kwa hiyo kapasita kubwa za pawa zikiwa dhaifu au zimefungwa vibaya unasikia 100, mlio wenye makali kidogo. Ukisikia 50, ule mzito wa chini kabisa, shuku ardhi au waya wa muziki umepita karibu na transfoma, au diodi moja imekatika na daraja linafanya kazi nusu. Kama sikio halitofautishi, pakua programu ya kupima masafa kwenye simu, weka simu mbele ya spika, itakwambia.

Lakini kwa sababu yako imetoka kwa fundi juzi, mimi ningeanza na skrubu. Siko kwenye mzaha. Bodi nyingi za miaka ile zinapata ardhi kupitia skrubu zinazozifunga kwenye chesisi, fundi akizitoa kubadilisha kapasita akarudisha mbili badala ya nne, au akaziacha zimelegea, mngurumo unaanza siku hiyohiyo. Pia waya wa ardhi uliokuwa katikati ya kapasita mbili kubwa lazima urudi palepale ulipokuwa, ukiuhamisha hata kidogo tu muziki na pawa vinaanza kugawana njia. Muulize kama alipiga picha kabla ya kufungua. Fundi ambaye hapigi picha siku hizi, na simu iko mfukoni, simwelewi. Ukimaliza skrubu weka mita kwenye AC (umeme wa kupishana), pima kwenye kila kapasita kubwa mashine ikiwa imewashwa bila muziki, ikizidi nusu volti hapo kuna kapasita mbovu au diodi. Pima DC (umeme wa njia moja) pia, upande wa plasi na wa mainasi zitoe karibu sawa, plasi 38 na mainasi 38 kwa mfano.

Na hapa niseme kitu kuhusu kapasita mpya. Mpya haina maana ni nzima. Mtaani zipo ambazo wamezivalisha plastiki ya jina kubwa na ndani kuna kakapasita kadogo, imeandikwa maikrofaradi 10,000 ukiipima inakupa elfu mbili na kitu. Omba upimiwe mbele yako kabla ya kulipa, mwenye duka akikataa toka. Zile kuukuu alizotoa fundi umuombe pia, uzione, wakati mwingine zilikuwa nzima kuliko alizoweka.

La tatu, sauti chafu ukipiga chini na safi ukifungua, hiyo nasema bila kuona mashine kwamba naishuku bayasi, yaani umeme mdogo unaoziweka transista tayari. Transista za mwisho zinafanya kazi kwa zamu, moja inasukuma nusu ya wimbi na nyingine inavuta nusu ya pili, na zinatakiwa kuwa macho kidogo hata kama hakuna muziki ili zamu zipokezane vizuri. Umeme huo mdogo ukishuka sana panabaki pengo katikati ya wimbi, na muziki mdogo ndo unaumia zaidi kwa sababu wote uko humo kwenye pengo. Inapimwa kwenye zile rezista nyeupe za saruji karibu na transista kubwa, kwa milivolti. Mfano rezista ni omu 0.22 na mita inasoma milivolti 10, gawanya, unapata kama miliampia 45. Kiasi sahihi kiko kwenye kitabu cha huduma cha modeli yako, usikisie, na upime mashine ikiwa imewaka robo saa maana inabadilika ikipata joto.

Kirekebishio chake ni kile kitufe kidogo cha kuzungusha na bisibisi. Vya zamani vimechoka, ukikigusa kinaachia na umeme unapanda ghafla, hapo ndo utanunua transista nne kweli. Mwambie fundi abadilishe hivyo virekebishio kwanza, thamani ileile, aviweke upande wa umeme mdogo ndo apandishe pole pole. Na mara ya kwanza awashe kupitia balbu ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na laini ya umeme, balbu ya zamani ya waya, za LED hazifai kwa hii kazi. Balbu ikimulika sekunde moja alafu ikafifia, sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti. Mwisho apime DC kwenye skrubu za spika bila spika, ikiwa chini ya milivolti 50 unaweza kufunga spika za marehemu mzee bila hofu.

Swali: Fundi, mimi mama wa duka hapa Jinja, ki redio changu cha zamani kilikuwa kinakwaruza nikizungusha sauti, kijana akapuliza WD-40 ikanyamaza, sasa imerudi mara mbili na kitufe kimekuwa kizito. Nimwambie apulize tena?

Jibu: Hapana mama, asipulize tena. Ile ya kawaida ni ya bawaba na nati, inaacha mafuta yanayokusanya vumbi, na inaosha grisi iliyokuwa inafanya kitufe kizunguke laini. Anunue spre ya kusafisha kontakti za elektroniki, ile inayokauka, apulize ndani ya voliumu redio ikiwa imechomolewa, azungushe mwanzo mwisho mara nyingi, yale mafuta yatoke, alafu aweke kidogo ile spre ya kulainisha inayotengenezwa kwa ajili ya voliumu. Aiache ikauke kabisa ndo awashe. Kama baada ya hapo bado inakwaruza, na hasa ikikwaruza kila mahali sawasawa, aangalie kapasita ndogo inayoingia kwenye voliumu, ikivuja inaachia DC ipite na voliumu safi kabisa itakwaruza tu.

Swali: Niaje fundi. Niko Tororo, nimenunua amplifaya kutoka kwa watu wa mitumba ya Japani, nyuma imeandikwa 100V 50/60Hz. Nimeipatia transfoma ya kushusha, 220 kwenda 110. Inapiga fresh lakini inachemka sana mpaka mkono haukai, na kuna kamuungurumo. Nibadilishe mafuta ya kupozea transista?

Jibu: Bosi, chukua kalamu. Transfoma yako inagawa kwa mbili, 220 inakuwa 110. Umeme wetu ni 240. Kwa hiyo unampa huyo Mjapani 120 na yeye anataka 100, umemzidishia asilimia 20. Ndani kila kitu kinapanda hivyohivyo, kapasita iliyokuwa inakaa kwenye volti 42 sasa ina 50 na kitu na yenyewe imeandikwa 50. Hiyo ndo inakuchemshia, na kamuungurumo kanaweza kuwa transfoma ya ndani inalalamika kwa kujazwa kupita kiasi. Zima leo.

Kwanza angalia nyuma au chini kama kuna swichi au plagi ya kuchagua volti, zilizotengenezwa kuuzwa nje ya Japani nyingi zilikuwa nayo, kama ipo weka 240 na transfoma ya kushusha uitupe huko. Kama haipo, tafuta transfoma ya kutoka 240 kwenda 100 kamili, mafundi wa kusuka transfoma watakusukia, waambie na wati ziwe juu ya zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Hezi usijali, Japani wenyewe wana zote mbili, Tokyo wako 50 na Osaka 60, ndo maana imeandikwa hivyo. Mwenye wasiwasi wa hezi ni yule aliyeleta ya Marekani iliyoandikwa 120V 60Hz peke yake, hiyo kwenye 50 transfoma inapata moto zaidi hata volti zikiwa sawa. Mafuta ya kupozea badilisha ukipenda, ila baada ya hayo.

Swali: Mimi wa Arua. Umeme ukiwepo amplifaya iko kimya, ukikatika tukaingia kwenye sola inaanza kuunguruma. Amplifaya imeharibika?

Jibu: Haijaharibika. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya sola uwe kama wa laini, za bei nafuu hazitoi wimbi laini, zinatoa la ngazi ngazi, na transfoma ya zamani haipendi hilo. Weka sikio kwenye boksi lenyewe, siyo kwenye spika. Kama mlio unatoka kwenye boksi ni chuma cha transfoma kinatetemeka, na hakuna kapasita ya kukitibu. Kama uko kwenye spika pia, basi uchafu wa inveta umeingia mpaka ndani. Inveta ya wimbi safi ndo jibu, na kama bajeti haipo, usiku wa sola piga muziki kwenye kispika cha bluetooth, mzee wa watu apumzike.

Swali: Kibuli hapa. Nina santuri za Franco na za Afrigo, nikipiga muziki wa simu kwenye amplifaya hakuna mngurumo kabisa, nikienda kwenye Phono, upande wa santuri, mngurumo unafunika muziki. Kapasita zimebadilishwa zote.

Jibu: Ndugu, kapasita ziache. Kama upande wa simu hauna mngurumo basi pawa saplai iko sawa. Sindano ya santuri inatoa milivolti chache tu, tuseme 3 mpaka 5, kwa hiyo Phono inakuza kila takataka inayopita njiani. Ule waya mwembamba unaotoka kwenye mashine ya santuri wenye kijiko cha chuma mwishoni, umeufunga kwenye skrubu ya GND (ardhi) nyuma? Wengi wanaukata wakidhani umebaki tu. Ufunge. Alafu ondoa mashine ya santuri juu ya amplifaya, iweke pembeni, mbali na transfoma. Kama mngurumo uko upande mmoja pekee, vua kichwa cha sindano uangalie zile nyaya nne ndogo, moja itakuwa imeachia. Na ukisikia tit-tit-tit-trrr hiyo siyo mngurumo, ni simu yako uliyoiweka juu ya boksi.

Swali: Fundi mwenzangu, niko Mbale. Kuna amplifaya inatoa sauti ya pop, pop, na upepo kama mvua kwenye upande wa kulia, hata voliumu ikiwa chini. Kontakti nimesafisha, solda nimepitisha upya. Nimejaribu kuweka BC547 mahali pa transista ndogo, upande wote ukafa.

Jibu: Ulikuwa umekaribia kabisa. Transista ndogo za Kijapani za miaka ile zinajulikana kwa huo ugonjwa, 2SC458 na 2SA726 ndo maarufu kwa kelele, na mara nyingi utakuta miguu yake imekuwa myeusi. Lakini BC547 ukiitazama upande bapa, miguu ni kolekta, besi, emita, na Kijapani nyingi ni emita, kolekta, besi. Miguu imeingia mashimo yasiyo yake ndo maana upande umekufa. Tafuta karatasi ya data ya ile uliyotoa, linganisha mguu kwa mguu, angalia na volti inazobeba maana BC547 mwisho wake ni 45 na kwenye saketi nyingine haitoshi. KSC1845 na KSA992 zinabeba 120, kelele zake ni ndogo, ila hata hizo hakikisha miguu. Na angalia pia ile gundi ya kahawia waliyopaka kushika kapasita, ikizeeka inakula miguu ya vitu na inaanza kupitisha umeme, ikwangue yote.

Kujua ni ipi kati ya zote bila kubahatisha, upande wa kushoto una transista ileile kwenye nafasi ileile. Zima, subiri kapasita kubwa ziishe chaji au uzimalize na rezista ya omu 100 wati 10, toa mbili hizo uzibadilishane, ya kushoto iende kulia. Pop ikihamia kushoto, umeipata. Isipohama, nenda kwenye inayofuata.